Shule Zikiwa Wazi

Sweta la sufi, Kisumu, saa saba mchana.
Muuza omena wa Kibuye hunicheka:
wewe una baridi ya nani?
Simjibu. Damu yangu hailijui jua la hapa;
upepo wa mvua ukiigusa tu hujikunja,
kila chembe mundu,
na miundu ikikutana gotini huvuna
mahali ambapo sikupanda kitu.

Hilo nimelizoea. Miaka thelathini na minne
nimeishi na selimundu kama mpangaji asiyelipa kodi.
Ni huyu mgeni wa pili:
uvimbe sehemu tatu za kizazi,
mmoja umenona kama parachichi.

Nina daftari. Kushoto, painti zilizoingia.
Kulia, siku nilizotokwa.
Februari, mbili. Siku kumi na moja.
Machi, moja. Siku kumi na tatu.
Mimi ni karani wa duka la mbao, Nyalenda;
naijua hesabu isiyofunga
hata ukikesha nayo.

Na damu yenyewe ni ya watoto wa shule.
Sista Kageha aliniambia:
wengi wanaochangia wako kidato cha tatu, cha nne,
hupewa soda na biskuti,
na likizo ikianza, friji hubaki na taa yake tu.
Namwona mvulana fulani, shati limekunjwa hadi kwapani,
anatazama dirishani asiione sindano.
Alichonipa nakimwaga
chooni pa kazini, Jumanne,
mguu ukiuzuia mlango usiokuwa na komeo.

Daktari Amimo hana haraka.
Alichora kizazi nyuma ya risiti.
Tukikitoa, kutokwa kutakwisha.
Tukikiacha, tutakuongeza damu
mpaka siku mwili utakapoikataa.
Lakini kisu kwako si kama kwa wengine:
usingizi wa dawa, pumzi kupungua,
kifua kubana siku ya tatu.
Hakusema lipi. Nilitaka aseme lipi.
Nikauliza swali la kijinga:
chumba cha upasuaji kina baridi?

Akaiweka kalamu chini.
Kina, akasema.

Kizazi. Lugha hii ni bahili,
neno moja kwa mfuko na kwa ukoo.
Nikisema nitatoa kizazi, mama,
aliyewazika Ouko na Akeyo
kabla hawajaota meno ya pili,
husikia jembe likipiga udongo tena.
Odera hasemi. Huchemsha maji,
huyatia kwenye chupa, huiviringisha leso,
huiweka mgongoni pangu, hulala akiwa ameishika.
Na Awino, miaka tisa, aliyetoka humo
akaniacha wodini siku ishirini na sita:
"Wakiitoa nyumba yangu, wataiweka wapi?"
Hilo sikumuuliza daktari.

Usiku wa jana mvua ilipiga mabati.
Magoti yakaanza. Na chini nako kukaanza.
Wagonjwa wangu wawili, wameshikana mikono,
wakanilaza kwenye sakafu ya bafu
shavu likiwa juu ya saruji.
Nikaacha kutafuta njia iliyo salama.
Haipo. Nikajiuliza tu
ni maumivu yapi nitayaita yangu,
niliyoyachagua nikiwa macho.

Asubuhi nikampigia Sista Kageha.
Sikusema ndiyo.
Nilisema: muhula wa pili unafunguliwa lini?
Akacheka. Kisha akaelewa,
nikamsikia akivuta kiti.

Nimeandika nyuma ya daftari:
painti nne ziwepo, nizione kwa macho yangu.
Maji ya dripu yapashwe moto.
Blanketi mbili, si moja.
Atakayenilaza aniambie kwanza jina lake.

Na soksi. Nafuma soksi za sufi, nyekundu,
muuza omena na acheke mpaka achoke.
Ya kushoto imekwisha.
Ya kulia imefika kisigino,
pale penye kona,
pale ambapo kila mara
hulazimika kufumua na kuanza tena.